Giza Lililohamia Vidoleni

Hiiii!

Hivyo ndivyo lilivyolia darasa zima la kidato cha pili, wote kwa mara moja, kama watu waliomwagiwa maji ya kisima asubuhi ya mwezi wa saba. Haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi inayovutwa kuingia ndani, halafu kimya, halafu kiti kimoja kikakwaruza sakafu, halafu msichana wa nyuma kabisa akasema, "Mama yangu weee," na darasa likapasuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nje, nimechuchumaa chini ya dirisha kama mwizi wa kuku, mkono mdomoni. Mpaka leo nikiosha vyombo au nikikunja nguo naisikia ile hiiii, nacheka peke yangu, na anayenitazama anadhani nimechanganyikiwa.

Kilichowashtua kilikuwa kitabu changu. Nilikichora mwenyewe, nikakishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, na mgongo wake nikaubandika kipande cha kanga kuukuu ya bibi. Kitabu cha picha, lakini si cha watoto wadogo. Kilikuwa cha wale wa umri wa kidato cha pili, ambao sauti zinawakatika na chunusi zinawatoka na kila kitu kinawachekesha na kuwaliza siku hiyohiyo. Na kilikuwa cheusi. Cheusi kweli.

Watu huniuliza: msichana mwenye kucheka kama wewe, giza la nini? Sina jibu la kisomi. Shule nilimaliza kidato cha nne na yale matokeo ambayo jirani akikuuliza unamjibu "tunashukuru." Ninafanya kazi katika steshenari hapa Nachingwea mjini, natoa kopi, nafunga ripoti za watu. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa na umri ule, vitabu tulivyopewa vilikuwa vya sungura na usafi wa meno. Sisi tulikuwa tunajiuliza mambo mengine kabisa. Tukikua itakuwaje? Mvua zikikataa je? Wakubwa wakituamulia vibaya je? Hakuna aliyetuchorea hayo. Kwa hiyo nikasema nitachora mimi, nitawatisha vizuri, kwa upendo.

Rangi ya kutishia niliipata Ruangwa. Mjomba wangu analima upande wa Chunyu, na huko Ruangwa ardhi ina mawe meusi yanayong'aa kama mgongo wa samaki mbichi. Ndiyo kinywe, madini yenyewe yanayowekwa ndani ya penseli. Mjomba hana habari na kuchora. Kipande chake anakipaka kwenye mnyororo wa baiskeli ili usilie. Nilipokwenda kuwasalimia msimu wa mbaazi nilikichukua, nikamchora jogoo wake ukutani. Mke wa mjomba akasimama akamwangalia, mikono kiunoni.

"Huyu mnene kuliko wa kweli," akasema. "Wageni wakija tutamchinja huyu."

Nikarudi Nachingwea na kopo la maziwa ya unga limejaa mawe. Penseli ukitaka ijaze ukurasa, unakaa hadi mkono unakufa ganzi. Kinywe unakipitisha mara moja tu, swaa, na usiku umeingia. Kinateleza kama sabuni. Nilichora nyuma ya karatasi zilizoharibika dukani, zile ambazo mashine imezitafuna pembeni, na kila jioni nilirudi nyumbani nina masharubu meusi bila kujijua.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Wakubwa wa mji mmoja walilishusha jua kama gunia, wakaliingiza ghalani, wakatia kufuli. Kila nyumba ikawa inapanga foleni na dumu kuchota mwanga. Ukicheka hovyo unapunguziwa, maana walisema kucheka kunamaliza mwanga. Mikorosho ikaacha kutoa maua. Watu wakasahau rangi za nguo zao wenyewe. Basi msichana mmoja mwenye pengo la jino akachoka na foleni, akabeba dumu lake akaenda kulitafuta hilo ghala. Kila ukurasa giza linanenepa na yeye anakonda. Chini kuna maneno machache, mstari mmoja, miwili. Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja. Pale nilimchora yule msichana kwanza kwa peni ya bluu, nijue amesimama wapi, kisha nikampitishia kinywe juu yake mpaka akazama. Mweusi wote, pembe hadi pembe.

Nilitaka kutoa kopi nyingi. Bosi wangu wa steshenari alifunua hadi ukurasa wa mwisho, akakifunga taratibu, akaniambia, "Huu unakunywa wino kama ng'ombe wa mnadani. Ukiuweka kwenye mashine yangu, tutalala njaa mimi na wewe." Kwa hiyo kitabu kikabaki kimoja duniani.

Wa kwanza kukisoma alikuwa bibi, mama yake mama, ninayeishi naye pamoja na mdogo wangu. Bibi hasomi, lakini picha anazisoma kuliko mimi. Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu, akafunua kwa kidole kilicholowa mate. Bibi ni mtu wa Chiola, na Kiswahili chake kina Kimwera kingi ndani, hasa akikasirika au akifurahi. Siku ile sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

"Mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu marehemu babu alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye bibi mdogo wa nyumba. "Mtoto huyu umemwacha na nani?"

"Peke yake, bibi. Hapo ndipo panapotisha."

"Panatisha, naona. Nauliza yuko na nani."

"Hayuko na mtu."

"Basi hujui kutisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Bibi ujanani alikuwa kungwi huko Chiola, wanawali wengi wamepita mikononi mwake, na wengine leo ni mabibi wenye wajukuu. Akaniambia, "Sisi tuliwatisha watoto kuliko karatasi yako hii. Walilia mpaka makamasi. Lakini hakuingizwa mtoto hata mmoja bila mtu mgongoni kwake. Mkono begani. Mbele anaogopa, nyuma anajua yupo mtu. Wewe umemtia mtoto wa watu kwenye giza, ukaenda zako kula."

Nami nilipita huko unyagoni, na yanayofundishwa siyasemi. Ila ule mkono begani naukumbuka. Ulinuka mafuta ya ufuta na moshi, na ulikuwa mzito, ule uzito mzuri.

Ningeweza kubadilisha. Lakini, niseme ukweli, ule ukurasa mweusi nilikuwa naupenda mno. Halafu mambo yakaenda haraka. Mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa kidato cha pili, alikibeba kitabu shuleni bila kuniambia, akakamatwa nacho wakati wa kipindi cha Kiswahili. Anayefundisha Kiswahili pale ni mkuu wa shule mwenyewe, mama mmoja mrefu, mkimya, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Wote wanamwita madam. Akaniagiza niende.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewafanya wanangu wasilale kwenye kipindi changu?"

"Nisamehe, madam."

"Nikusamehe nini? Siku zote wanalala." Akavua miwani. "Kwa nini unachora vitu hivi?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikajikuta namwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba natamani Jumamosi, darasa likiwa tupu, niwe nakaa na watoto wanaopenda kuchora. Mimi nilipokuwa shule nilichora kwenye dawati, nikachapwa, nikafuta, nikachora tena. Nilitaka tu pawe na mahali ambapo mtoto anachora na hafuti. Nilivyomaliza kusema masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Una cheti cha kufundisha?"

"Sina, madam."

Akavaa tena miwani. "Jumatatu nitawasomea darasa zima. Kisha kitabu kibaki kwao wiki nzima, kila mtu akipate. Ijumaa nitakuambia kama Jumamosi ni zako. Wakikitupa pembeni, au nikiona kimewaumiza, tutaachana kwa wema."

Ndiyo maana Jumatatu niliomba ruhusa dukani nikaenda kuchuchumaa chini ya dirisha. Jumamosi zangu zote zilikuwa zimo kwenye ile hiiii.

Wiki hiyo niliishi kwa habari za mdogo wangu. Kila akirudi nilikuwa nimeshamwekea ming'oko, vile viazi vya porini, na pilipili na chumvi, kwa sababu bila ming'oko hasemi kitu.

"Enhe?"

"Kinatisha kinoma," akasema huku anamenya. "Leo kinalala Ruponda. Kesho kinakwenda kwa yule wa Chiola. Halafu dada, kitabu chako kinatoa rangi."

"Kinatoa rangi vipi?"

"Tazama." Akanionyesha vidole. Vilikuwa vyeusi vinang'aa, kama vya fundi baiskeli. "Wote tuko hivi. Madam anatuambia nyosheni mikono, mwenye vidole safi bado hajasoma, aende akasome. Jamaa mmoja alijipaka masizi adanganye, madam akamnusa tu, akamwambia wewe umetoka jikoni."

Tukacheka hadi bibi akauliza ndani kuna harusi ya nani. Lakini mimi nilicheka huku nikivitazama vile vidole. Nilikuwa sijui kwamba kinywe kikikaa kwenye karatasi bila kushikizwa na gundi, kinahama. Nilidhani nikishachora nimechora. Kila mtoto aliyefunua ukurasa alikuwa anaondoka na kipande cha usiku wangu. Na kopi nyingine haipo.

"Sasa kimebaki nini?" nikamuuliza.

"Kipo. Tena wanagombea ukurasa wa mwisho."

"Una nini ule? Si mweusi mtupu?"

Mdogo wangu akameza, akanitazama kwa jicho la pembeni, ule ujeuri wake. "Nenda kasome kitabu chako, dada."

Kesho yake akaja mama mmoja dukani. Nilidhani anataka kopi. Akafungua kifurushi cha kitenge, akatandaza mezani shati jeupe la shule, kwa mkono wenye kovu kwenye dole gumba.

"Wewe ndiye mwenye kitabu cha giza?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi natoka Ruponda. Ona hili." Begani kwa shati, upande wa kulia, palikuwa na alama ya mkono. Mkono mzima, vidole vyote vitano, mweusi. "Nafua. Kesho anarudi na mwingine. Nafua. Anarudi na mwingine, safari hii mabega yote mawili. Nimemuuliza, nani anakushika? Ananiambia, wenzangu. Mmoja anakaa na kitabu, wengine wanasimama nyuma yake wanachungulia, na wakifika pabaya wanamshika bega."

Nikalivuta shati karibu. Bosi wangu akajifanya anahesabu karatasi.

"Naomba unisamehe, mama. Nitakuletea sabuni."

"Sabuni nitaipokea," akasema, akilikunja shati. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini niambie, yule mtoto mwenye dumu analipata jua au halipati? Wangu amekataa kuniambia. Anasema mpaka nikione mwenyewe."

Ijumaa nilivaa gauni langu zuri, nikapanda bodaboda, na njiani nikajifunza maneno ya kupokea kukataliwa. Nilikuwa nayo mazuri sana. Niliingia ofisini kwa madam nikakuta juu ya meza kitabu changu, na pembeni yake mashati meupe yamekunjwa, yaliyoletwa na wazazi.

"Kaa," madam akasema. "Wazazi wamenijia. Shule hii sare yake ni nyeupe, unajua?"

"Najua, madam."

"Kifungue."

Nilikifungua. Ule weusi wangu wa kutisha ulikuwa umekwenda. Foleni ya madumu, ghala, mikorosho isiyo na maua, vyote vilikuwa kijivu, kama jivu la jana. Kitu nilichokuwa nimekitengeneza kwa miezi kilikuwa kimefutwa na vidole vya watoto, na hakuna aliyekusudia. Nikaendelea kufunua kwa adabu tu, kwa kuwa madam ananitazama. Nikafika mwisho.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mtu.

Msichana wangu wa peni ya bluu alikuwa amesimama pale, pengo la jino, dumu mkononi, ananiangalia. Walikuwa wamesugua pale alipo, taratibu, kidole baada ya kidole, hadi akatoka. Hawakuchana karatasi hata kidogo. Na kuanzia mgongoni kwake hadi pembeni kabisa, ukurasa uliopauka kuwa kijivu ulikuwa umejaa alama za vidole gumba, nyeusi, kubwa kwa ndogo, zimejipanga zinapandana kama watu waliosongamana kutazama ngoma. Mtoto wa watu alikuwa na mji mzima nyuma yake.

"Yule msichana wa nyuma kabisa ndiye aliyeanza," madam akasema. "Alisema haiwezekani hayupo, lazima yumo mle ndani. Akaanza kusugua. Wenzake wakamsaidia. Walipompata, kila mmoja akaweka kidole chake." Akakohoa. "Ulipanga hivi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilitamani, kidogo.

"Hapana, madam. Kimeharibika tu. Nilitakiwa kukipaka gundi, sikujua."

Madam akavaa miwani, akauangalia tena ukurasa, muda mrefu kuliko anavyoangalia mitihani. Halafu huyu mama mkimya akacheka. Alicheka hadi kamba ya miwani ikatetemeka.

"Kesho asubuhi," akasema. "Waje na mashati ya nyumbani. Na wewe uje na sabuni, nyingi, ya mche. Jumamosi ikiisha sitaki kuona mkono mweusi umetoka kwenye geti langu."

Yale maneno mazuri ya kupokea kukataliwa sijui yalikwenda wapi. Nilisema "ahsante" mpaka akaniambia basi, inatosha, nenda.

Nilipofika nyumbani nilimwekea bibi kitabu mapajani. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mlango, anatabasamu kama mtu aliyetunza siri wiki nzima bila kupasuka. Bibi alifunua kwa kidole chake chenye mate, akafika mwisho, akaweka kiganja juu ya zile alama zote. Akasema kitu kwa Kimwera, polepole. Kisha akanigeukia.

"Sasa wapo."

"Nani, bibi?"

"Wa nyuma yake. Kumbe watoto wanajua kuliko wewe, mke mwenzangu." Akakinyanyua kiganja, kikawa cheusi, akanipaka puani.

Jumamosi niliamka mapema kuliko jogoo wa jirani, ambaye ana sifa ya kuwahi. Bibi na mdogo wangu walikuwa bado wamelala. Jana yake jioni nilikuwa nimeloweka gundi ya mkorosho, ile inayotoka kwenye gome na kukauka kama vito, tuliyokuwa tukibandikia vishada utotoni. Ilikuwa imelainika, imekuwa maji ya rangi ya chai. Nikakaa uani na unyoya wa kuku, nikapaka ukurasa mmoja mmoja, nikipuliza, ili kile kijivu kilichobaki kisiende tena kokote. Hewa ilikuwa na harufu ya salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa mashamba ya korosho, na jua lilikuwa linaanza kuchungulia juu ya paa la jikoni, bila foleni, bila kufuli.

Nilipofika ukurasa wa mwisho nikaweka unyoya chini. Niliuangalia sana. Vidole vyote vya kidato cha pili vilikuwapo, na nadhani hata cha yule mama wa Ruponda, maana kulikuwa na kimoja kikubwa chenye kovu. Changu hakikuwapo. Miezi yote ile nilichora mkono nimeunyanyua juu, nikiogopa kuchafua.

Nikachukua jiwe dogo la kinywe kutoka kwenye kopo, nikalisugua kwa dole gumba hadi dole likawa jeusi linang'aa. Nikalikandamiza dole pale begani kwa msichana wangu, nikahesabu pumzi moja, nikaliachia. Halafu ndipo nikapaka gundi.